Hakimiliki darasani: Sheria imtambue mwalimu bila kumnyima mwandishi jasho lake

Kila mwaka mtihani wa kidato cha nne unapobisha hodi, biashara moja hunawiri mijini na vijijini: biashara ya kunakili vitabu teule vya fasihi. Nakala bandia za riwaya, tamthilia na diwani za hadithi fupi huuzwa kando ya barabara kwa bei ya chini kuliko ile ya madukani, na siku hizi hata karatasi haihitajiki. Kitabu kizima hupigwa picha ukurasa baada ya ukurasa, kikatiwa simuni, kikarushwa kwa makundi ya WhatsApp ya walimu na wanafunzi, na kabla ya jua kutua kimefika Lodwar, Garissa na Lunga Lunga. Wachapishaji hulia na waandishi hulalamika. Walimu nao, ambao aghalabu ndio wanaozishika simu hizo, hujitetea kwamba wamefanya hivyo kwa ajili ya elimu, na elimu haiwezi kuwa kosa.

Madhumuni ya makala haya ni kuupima utetezi huo. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosea. Mwalimu amekosea kudhani kwamba neno "elimu" ni kinga inayofunika kila kitu. Mchapishaji naye amekosea anapoiita kila nakala iliyotolewa shuleni wizi. Kati ya makosa hayo mawili ipo sheria ya nchi, na sheria hiyo inanyamaza mahali pale hasa ambapo ingetakiwa kusema.

Tuanze na istilahi, maana penye maneno yenye utata hapakosi mawazo yenye utata. Neno "hakimiliki" tulilozoea linaweka uzito kwenye umiliki, kana kwamba kitabu ni shamba lililozungushiwa ua. Wapo wanaotumia "hakinakili", na neno hili lina faida yake kwa kuwa linatukumbusha kwamba kinacholindwa ni haki ya kuamua nani anakili na kwa kiasi gani. Anayenunua kitabu humiliki karatasi na wino. Anaweza kukiazima, kukiuza au kukirithisha. Asichonunua ni ruhusa ya kukizalisha upya.

Utata mkubwa zaidi umo katika ule msamaha unaomruhusu mtu kutumia sehemu ya kazi ya mwenzake pasi na kuomba idhini. Wengi huuita "matumizi ya haki". Msomaji akilitazama vizuri fungu hilo la maneno ataona kwamba lina maana mbili: kutumia kitu kwa njia ya haki, au kuitumia haki uliyo nayo. Ya kwanza ni mizani inayotaka kupimwa, ya pili ni hati ambayo mtu anaibeba mfukoni. Walimu wengi wanaisikia ile ya pili. Mimi ningependelea "matumizi ya insafu", maana insafu ni sifa ya anayepima pande mbili kabla ya kuamua, na kupima huko ndiko kunakohitajika hapa.

Wala tusisahau kwamba kunakili hakukuwa aibu katika utamaduni wetu wa Kiswahili. Kabla ya mitambo ya kupiga chapa kuenea, tenzi za Lamu, Pate na Mombasa ziliishi kwa sababu kulikuwa na watu waliozinakili kwa mkono, herufi za Kiarabu zikipangwa mshororo baada ya mshororo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858, ulisafiri kwa njia hiyo. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki katika miaka ya 1940, alisifika kwa hati yake nzuri, na wataalamu wa Ulaya walimtegemea awanakilie tungo za kale. Mnakili wa aina hiyo alikuwa mhifadhi. Hata hivyo, nakala yake moja ilimgharimu siku nyingi za kazi na haikumpokonya mtunzi riziki yake. Nakala ya simu haimgharimu mtu chochote, na kwa dakika moja inaweza kuzaa elfu. Tendo limebaki na jina lile lile, lakini athari yake imegeuka.

Sasa sheria yasemaje? Kenya ilitunga Sheria ya Hakimiliki ya kwanza ya taifa huru mwaka wa 1966. Iliyofuata ni ile ya 2001, ambayo ilianza kutumika 2003 na ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka wa 2019. Kazi ya fasihi hulindwa kwa muda wote wa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Katika muda huo, mwenye kazi ndiye mwenye uamuzi juu ya kuinakili, kuitafsiri, kuiigiza na kuisambaza kwa umma.

Kisha ipo misamaha. Sheria ya 2001 iliyataja makusudi ambayo matumizi ya insafu yanaruhusiwa: utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi, uhakiki, na kuripoti matukio, mradi chanzo kitajwe. Msomaji ataona kwamba kufundisha hakumo katika orodha hiyo. Shule ziliwekewa vifungu vyao pembeni. Mtayarishaji wa mkusanyo wa shule au chuo kikuu anaruhusiwa kutia dondoo fupi zisizozidi mbili kutoka katika kazi moja, akitaja jina la kazi na la mwandishi. Kazi inaweza kutangazwa redioni au katika televisheni ikiwa matangazo ni ya mafunzo yaliyopangwa, na shule inaweza kuyarekodi na kuyatumia kwa mafunzo hayo. Aidha, mtu mmoja anaweza kusoma hadharani sehemu ya kadiri ya kazi iliyochapishwa, akimtaja mwandishi.

Ukivichunguza vifungu hivi utatambua umri wake. Lile sharti la dondoo mbili fupi lina babu yake katika sheria ya Uingereza ya 1911, iliyoruhusu vipande vifupi katika mikusanyo ya shule na kuweka idadi hiyo hiyo ya vipande viwili. Ni lugha ya zama za kiwanda cha uchapaji, ambapo anayenakili alikuwa mchapishaji mwenye mtambo na mwalimu alikuwa na chaki tu. Vifungu vya redio na televisheni navyo vina harufu ya zama ambapo somo lilitoka kituo kimoja likafika shule nyingi. Havikumwazia mwalimu ambaye yeye mwenyewe ni mchapishaji, mpigapicha na mtangazaji kwa kutumia kifaa kimoja kinachoenea kiganjani.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa iliyo mbali na mji ana wanafunzi 60 na nakala tano za tamthilia teule. Akisimama mbele ya darasa akasoma onyesho moja kwa sauti, hana kosa. Mwanafunzi akinukuu mistari kadhaa katika insha ya uhakiki, hana kosa pia. Mwalimu akitoa nakala za ukurasa mmoja ili darasa zima lichambue mtindo wake, hapo ndipo sheria inapoanza kigugumizi. Huo si utafiti wa kisayansi, si mkusanyo uliochapishwa, na ni vigumu kuuita matumizi ya binafsi ilhali wanafunzi ni 60. Akili ya kawaida inasema hakuna aliyedhuriwa, lakini akili ya kawaida si kifungu cha sheria.

Tuendelee. Mwalimu huyo akionyesha kwa projekta dakika kumi za filamu ili kufafanua dhana ya taharuki, je, darasa ni umma? Akiwatumia wanafunzi kwa simu makala ya gazeti kuhusu mabadiliko ya tabianchi ili wayafupishe, amenakili mara moja au mara 60? Wakati shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, maswali haya yalitoka katika vitabu vya mawakili yakaingia sebuleni. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipeperusha masomo kwa redio na televisheni, na sheria iliyakubali. Mwalimu wa kawaida aliyefundisha kwa simu yake, akiambatisha kurasa za kitabu ambacho wanafunzi wake walikuwa wamekiacha shuleni, alitembea gizani.

Mwisho kabisa, mwalimu yule akipiga picha tamthilia nzima na kuirusha kwa wanafunzi wote, na wao kwa binamu zao, hapo hapana kigugumizi tena. Huo ni ukiukaji, na hautakaswi na nia njema. Vivyo hivyo kundi la maigizo linalozunguka shuleni likiigiza kitabu teule kwa kiingilio bila idhini ya mwenye hakimiliki linavuna shamba la mwenzake, hata likishangiliwa namna gani.

Wapo wanaosema dawa ni kuiga Marekani. Sheria ya nchi hiyo ya 1976 haikufunga orodha. Ilitaja ufundishaji waziwazi, pamoja na nakala nyingi za darasani, kisha ikawapa mahakimu mizani minne: kusudi la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la kazi hiyo. Mizani hii ni mizuri, lakini haimaanishi kwamba yote yanaruhusiwa. Mwaka wa 1991, mahakama moja ya New York iliamua kwamba kampuni ya Kinko's ilikiuka sheria kwa kuwatolea wanafunzi wa vyuo nakala za sura za vitabu na kuwauzia zikiwa zimefungwa pamoja. Wanafunzi walikuwa wa kweli na masomo yalikuwa ya kweli, ila faida ilikuwa ya duka. Isitoshe, sheria ya Marekani haivuki bahari. Mwalimu wa Kakamega anayejikinga kwa msemo aliousoma katika mtandao wa Wamarekani amevaa koti la mtu mwingine.

Mfano unaotukaribia zaidi ni wa India, nchi iliyorithi sheria yake kutoka kwa mtawala yule yule aliyetutawala. Mwaka wa 2012, wachapishaji watatu wakubwa, wakiwamo Oxford University Press na Cambridge University Press, walilishtaki duka dogo la kutoa nakala lililokuwa katika Chuo Kikuu cha Delhi. Duka hilo liliwatolea wanafunzi nakala za sura zilizoorodheshwa na wahadhiri wao. Septemba 2016, Mahakama Kuu ya Delhi iliitupilia mbali kesi hiyo. Desemba mwaka huo huo, majaji wa rufaa walikubali kwamba mafunzo hayaishii katika maneno ya mhadhiri ukumbini, lakini wakataka ichunguzwe kama kiasi kilichonakiliwa kililingana na haja ya masomo. Machi 2017, wachapishaji wakaiondoa kesi.

Kwa nini Delhi na New York zilitofautiana? Si kwa sababu majaji wa India waliwahurumia wanafunzi zaidi. Sheria ya India ina kifungu kinachomruhusu mwalimu au mwanafunzi kunakili kazi katika shughuli za mafunzo. Bunge lilikuwa limesema, kwa hiyo mahakama ilikuwa na la kufasiri. Kwetu kifungu kama hicho cha jumla kinakosekana, na hakuna mkataba wa kimataifa unaotuzuia kukiweka. Mkataba wa Berne, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka wa 1993, unaziruhusu nchi kukubali matumizi ya kazi kama vielelezo vya kufundishia, kwa kiasi kinachohitajiwa na kusudi lenyewe na kwa desturi ya insafu. Mlango uko wazi, na ni sisi ambao hatujaingia.

Baada ya kumtetea mwalimu, sharti nimgeukie mwandishi. Katika nchi hii ni wachache mno wanaonunua riwaya ya Kiswahili kwa ajili ya kujiburudisha. Soko la mwandishi wetu ni shule, na ndani ya shule ni kile kitabu kilichobahatika kuteuliwa kwa miaka michache. Akikosa mrabaha katika miaka hiyo, hana miaka mingine ya kungojea. Marehemu Ken Walibora, mwandishi wa Kidagaa Kimemwozea, alifariki Aprili 2020. Kwa mujibu wa sheria, kazi zake zitalindwa hadi mwisho wa mwaka wa 2070. Ulinzi huo wa nusu karne utawafaa nini warithi wa mwandishi yeyote ikiwa kitabu kinaporwa katika mwaka wake wa kwanza?

Hapa ndipo ninapoona ufunguo wa suala zima. Tusipime kwa kusudi la anayenakili peke yake, bali pia kwa soko la kinachonakiliwa. Makala ya gazeti, wimbo, filamu, picha au hotuba havikutengenezwa ili viuzwe kwa madarasa. Mwalimu akitumia sehemu yake kufafanua somo, mwenyewe hapotezi mteja, na pengine anapata mwingine. Kitabu cha kiada na kitabu teule, kinyume chake, kimetengenezwa kwa ajili ya darasa, na kila nakala inayotolewa darasani inachukua nafasi ya nakala ambayo ingenunuliwa. Kwa hiyo msamaha wa elimu uwe mpana kwa kazi za aina ya kwanza na mwembamba kwa za aina ya pili. Kuvichanganya viwili hivi ndiko kunakowafanya walimu na wachapishaji wapigane bila kusikilizana.

Je, mwanafunzi asiye na pesa afanyeje? Swali hili haliwezi kumwangukia mwandishi. Serikali ndiyo inayoteua kitabu, ndiyo inayotunga mtihani, na ndiyo inayomkadiria mwanafunzi kwa kitabu hicho. Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na Katiba hiyo hiyo inaiagiza serikali ilinde haki za ubunifu za Wakenya. Mwenye wajibu huo wa pande mbili hawezi kulipa deni lake kwa mfuko wa mtunzi. Tukumbuke kwamba mwaka wa 2013, sheria mpya ya kodi ya ongezeko la thamani ilivitoza vitabu asilimia 16. Ni ajabu kumlaumu mzazi kwa kununua nakala bandia huku kitabu halali kikibebeshwa kodi kama bidhaa ya anasa.

Walimu nao watambue kwamba jambo hili linawahusu wakiwa watunzi. Muhtasari, maswali na maelezo wanayoyaandaa usiku kucha huokotwa na wafanyabiashara wa mitandaoni, jina la mwalimu likafutwa, kisha yakauzwa kwa walimu wenzake. Anayecheka kitabu cha mwingine kikiporwa leo atalia kesho. Wasichojua wengi ni kwamba kazi iliyoandaliwa katika utekelezaji wa ajira huhesabiwa kuwa ya mwajiri, pasipokuwa na makubaliano tofauti. Vyama vya walimu vingekuwa vimefanya jambo la maana kulidai suala hilo katika majadiliano yao.

Basi tufanye nini? Kwanza, Bunge liandike kifungu kimoja kilicho wazi: mwalimu na mwanafunzi waruhusiwe kunakili, kuonyesha na kutumiana sehemu ya kazi kwa kiasi kinachohitajiwa na somo, ana kwa ana au kwa njia ya mtandao, ndani ya darasa lililosajiliwa, pasipo faida, na kwa kumtaja mtunzi. Kifungu hicho kisihusishe vitabu vya kiada na vitabu teule, ila kwa kurasa chache za uchambuzi. Hili si jambo gumu. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka wa 2017, na marekebisho ya 2019 yakaweka msamaha kwa watu wasioona ili wapate vitabu wanavyoweza kuvisoma. Bunge lililoweza kulifikiria kundi hilo kwa makini linaweza kumfikiria na mwalimu.

Pili, kwa kile kinachozidi msamaha, pawe na leseni ya pamoja. Nchi yetu imewahi kuwa na KOPIKEN, shirika lililoundwa kukusanya ada za kunakili maandishi kwa niaba ya waandishi na wachapishaji. Badala ya kumfuata kila mwalimu mkuu na risiti mkononi, Wizara ya Elimu ingelipa ada moja kwa shule zote za umma, nayo fedha hiyo igawanywe hadharani, mwandishi akiona kwa macho yake kilichomfikia. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya 2019 waligawiwa walimu. Itakuwa kichekesho kumpa mwalimu chombo na kumnyima ruhusa ya kukitumia.

Tatu, tutumie tulicho nacho. Mashairi ya Muyaka hayana ua. Shaaban Robert alifariki mwaka wa 1962, na kwa hesabu ya miaka 50 tungo zake zimekuwa mali ya wote tangu mwanzo wa 2013, ingawa dibaji na maelezo yaliyoongezwa na wengine ni mali ya wenyewe. Zipo pia hadithi za watoto za mradi wa African Storybook, kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Kiafrika, ambazo watunzi wake wametoa idhini tangu mwanzo zinakiliwe na kutafsiriwa. Mwalimu anayezijua hazina hizi hana haja ya kuiba.

Nne na mwisho, sheria hii isemwe kwa lugha ambayo wananchi wanaielewa. Imeandikwa kwa Kiingereza kigumu cha mawakili, na vyuo vya ualimu vingefanya vyema kuitengea nafasi katika mafunzo yao. Kijitabu cha kurasa kumi kwa Kiswahili sanifu, chenye mifano ya darasani na majibu yaliyo wazi, kingezuia makosa mengi kuliko misako ya polisi katika maduka ya River Road.

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwandishi wetu hata hajasifiwa bado, na tembo lake linanywewa na wapita njia huku mtoto wa mgema akilala njaa. Nakala ya mwalimu inayotoa mwanga na nakala ya mchuuzi inayokausha kisima hazistahili hukumu moja. Kuzitenganisha ni kazi ya Bunge, na kadiri linavyochelewa ndivyo mwalimu anavyozidi kuvunja sheria asiyoijua, na mwandishi anavyozidi kuweka kalamu chini.